Kilo 58 za kwenda chuo

Jumapili, bado siku sita

Leo kanisani mchungaji aliwaita mbele vijana wote wanaokwenda vyuoni. Walitoka saba. Wangu alikuwa wa tatu kutoka kushoto, kavaa gauni nililomshonea mahafali ya kidato cha sita, na hata nilipokaa, benchi la nyuma kabisa, niliona pindo limepanda upande mmoja. Wenzangu wamefumba macho wanaomba, mimi natazama pindo. Moravian wako huku Rungwe tangu 1891, kwa hiyo nina hakika si mimi mama wa kwanza kuombea mtoto jicho moja likiwa wazi.

Nje wamama wakanizunguka. Anakwenda chuo gani? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Anasomea nini? Takwimu. Hapo ndipo nyuso hubadilika. Ukisema udaktari unapigiwa vigelegele, ukisema ualimu unapewa pole na hongera kwa pamoja, ukisema takwimu watu wanakohoa. Mmoja akauliza, "Hiyo ndiyo kazi gani?" Nikamwambia, unawakumbuka wale makarani wa sensa ya 2022, waliokaa sebuleni kwako na kishikwambi wakakuuliza maswali mpaka chai ikapoa? Basi yule anayeyachukua majibu ya watu wote akaja kutangaza kwamba Watanzania tuko 61,741,120, ndiye huyo. Akasema, "Kumbe ni mambo ya serikali." Nikamwacha na hilo hilo.

Kufika nyumbani, baba yake akaingia stoo akatoka na tranka. Huyu mtoto tulimpa jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo baba yake humwita Mama tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

"Mama, tranka lako hili hapa. Nimelipaka rangi."

Ni lile alilokwenda nalo bweni. Limekuwa la kijani, na rangi bado inashika vidole. Binti akanitazama mimi kwanza, halafu akasema kwa upole, "Baba, chuo hawabebi tranka."

"Wanabeba nini?"

"Begi la magurudumu."

Baba yake akaitazama njia yetu, ambayo mvua za masika ziliiacha na mifereji ya kuzamisha mbuzi. Akasema, "Magurudumu," akalirudisha tranka sebuleni, si stoo.

Jumatatu

Nashona shuka. Mtoto wa jirani aliye mwaka wa tatu anasema vitanda vya hosteli ni vya deka, futi mbili na nusu kwa sita. Nimekata jozi tatu na foronya zake, kitambaa kizito cha pamba, na nimepinda pindo mara mbili. Shuka za dukani hupindwa mara moja, ukifua mara nne nyuzi zinaanza kukuaga.

Jioni nikalifungua daftari la vipimo. Kurasa za mbele ni za wateja, ukurasa wa mwisho ni wake. Niliuanza alipoingia darasa la kwanza: bega, kifua, kiuno, urefu wa sketi, tarehe. Mstari mmoja kila mwaka kwa sababu ya sare. Miaka saba ya msingi, minne, halafu miwili: mistari 13. Nimeweka alama ya ukurasa huo kwa noti ya 500, ile ya karatasi, kabla sarafu haijachukua nafasi yake. Alipokuwa mdogo aliipenda hiyo noti kwa sababu ya jengo lililo nyuma yake na watu waliovaa majoho, akawa ananiuliza wale ni wachungaji wa kanisa gani.

Nikamwita aje nimpime.

"Unanishonea nini tena, Mama? Nguo zinatosha."

"Simama wima."

Tangu arudi JKT kiuno kimepungua inchi mbili na bega limetanuka. Miezi mitatu ya kwata na majembe, imempa mabega ya baba yake. Nikaandika mstari wa 14 na tarehe ya leo. Sikuwa na kitu cha kushona.

Jumanne

Sare za watu, kutwa nzima. Blanketi nimelitoa kabatini nilianike, jua halikutoka. Nimelirudisha.

Jumatano

Siku ya makaratasi. Nilidhani tulishayamaliza wakati wa kuomba mkopo. Mzazi ambaye hajapitia hayo ngoja nimwambie: cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, mdhamini anatafutwa na awe na namba ya NIDA, serikali ya mtaa inagonga muhuri wake, wakili anagonga wake, halafu mnakaa stesheneri mnaskani mpaka kijana wa pale anawajua kwa majina. Matokeo yake yanasomwa kwenye akaunti inayoitwa SIPA. Awamu ya kwanza ilipotoka, jina la mwanangu halikuwemo, na kwa siku zile chache nyumba yetu haikusikika hata redio. Awamu ya pili akalikuta. Alipiga ukelele, mbuzi wakavunja ua.

Leo ilikuwa fomu ya afya. Hospitali walimpima macho, kifua, damu na mkojo, daktari akasaini. Bima ya afya ya wanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka, tulishalipa. Picha za pasipoti nane. Nakala tano za kila cheti. Vyeti halisi nimevishonea mfuko wa turubai wenye zipu na bitana ndani, na mkanda wa kuvaa shingoni chini ya blauzi. Aliucheka. Mdogo wake, aliye kidato cha pili, akauvaa akatembea nao sebuleni kama balozi.

Alhamisi

Bibi mwenye jina amekuja kumuaga kwa miguu, kilomita nne, na fimbo. Hakukaa sana. Alifungua pindo la kanga akatoa noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa mpaka imekuwa kama punje ya mahindi, akamfumbatisha mkononi, wakazungumza Kinyakyusa chao cha taratibu ambacho mimi, niliyeolewa huku kutoka Njombe, bado kinaniacha nusu ya njia. Nilisikia "ndaga", yaani asante, mara nyingi. Mwanangu alitoka akaenda kuosha uso.

Ijumaa

Usiku tumekaa mezani tukaongea pesa. Baba yake ameuza parachichi mapema kuliko alivyotaka, amepata za kuanzia. Binti akatueleza bumu ni nini: ndiyo ile fedha ya kujikimu ya mkopo, shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, ila hailetwi siku kwa siku, inaingia kwa mkupuo, na wa mwaka wa kwanza wanaweza kulala wiki kadhaa wakilisubiri. Baba yake akauliza, "Likiingia kwa mkupuo, linaliwa kwa mkupuo?" Akajibu kwamba ndivyo wengi wanavyofanya. Baba yake akachukua kalamu akagawanya kwa siku, kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Wasia wake wote kwa mwanawe umekuwa huo, mgawanyo wa hesabu. Nilitegemea atasema na mambo ya wanaume. Hakusema. Aliniangalia mimi niseme, nami nikainuka kuongeza kuni.

Niliposhona sketi yake ya safari niliweka mfuko wa siri ndani ya mkanda wa kiuno, wa kutosha noti 10. "Mama, pesa ziko kwenye simu siku hizi." Nikamwambia weka tu.

Kisha tukafungasha. Begi la magurudumu tumeazima. Ndani ya begi: nguo, shuka, chandarua, taulo, viatu. Ndani ya ndoo yenye mfuniko: sabuni, mafuta, pedi, kandambili, chumvi, jagi la kuchemshia maji. Ndani ya tranka (ndiyo, tranka lilishinda): mchele wa Kyela kilo 10, maharage, unga wa lishe, karanga, parachichi zilizofungwa moja moja kwa gazeti, pasi, vikombe viwili. Pembeni mkungu wa ndizi wa mama yake mdogo wa Kimara, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu kutoka Tukuyu, watadhani kumetokea ukame. Na juu ya vyote blanketi. Si blanketi la mchezo, ni lile lenye picha ya chui, peke yake kilo nne.

Baba yake akaleta mizani yake ya viazi. Kilo 58. Binti mwenyewe ana 54.

Jumamosi

Saa kumi usiku bajaji imekuja. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani hata taa haioni mbele. Baba yake alibeba tranka kichwani mpaka kwenye bajaji, akalikung'uta vumbi, akasema, "Haya, Mama. Salamu zao." Kama vile anakwenda sokoni Kiwira.

Stendi, konda aliutazama mzigo wetu, akautazama tena.

"Mama, mnahama?"

"Nampeleka mtoto chuo."

"Chuo au anaolewa?"

Akasema mzigo wa bure ni kilo 20 kwa abiria, kwa hiyo zilizozidi 40 za watu wawili ni za kulipia, na alianzia shilingi 25,000. Nilimshusha mpaka 15,000 kwa kumwonyesha kwamba shati lake limeachia mshono kwapani na kwamba nina sindano mkobani. Alishonwa hapo hapo, kashika mlango. Lakini kwenye buti nafasi ilikuwa imeisha, blanketi halikuingia. Akasema cha kupakata hakilipiwi. Basi nikapanda na chui wangu mapajani, na safari ni kilomita karibu 900.

Mpaka Uyole sikujuta. Baridi ilikuwa ya kwetu, miguu yetu wawili chini ya blanketi, yeye kasinzia begani kwangu. Uyole tukaingia barabara kuu ya Zambia, malori ya Tunduma yakaanza kupishana nasi. Chimala, Igawa. Makambako upepo ulikuwa unapeperusha mifuko ya watu stendi, nikanunua mahindi ya kuchemsha kupitia dirishani. Baada ya hapo misitu ya misonobari ya Sao Hill, mistari iliyonyooka kama mshono wa mashine, na hapo karibu na Mafinga tairi likapasuka.

Dakika 50. Abiria walishuka, wengine kuchimba dawa, wengine kulaumu. Tulikaa juu ya gogo, akanieleza mambo ya chuo kwa lugha yao. Kudisko ni kufukuzwa kwa kufeli. Sapu ni mtihani wa kurudia. Kubebana ni mtu aliyepata kitanda kumlaza kwake mwenzake aliyekosa, wawili deka moja. Nikamuuliza, futi mbili na nusu watu wawili wanalalaje? Akasema mmoja kichwa huku, mmoja kichwa kule. Nikaanza kuhesabu kama shuka zangu zitatosha pembeni. Hapo ilikuwa nafasi nzuri ya kusema yale ambayo baba yake aliniangalia niyaseme. Nilifungua mdomo, fundi wa tairi akapiga honi.

Chini ya Iringa hatukusimama sana. Ilula wanauza nyanya na vitunguu mpaka unatamani kununua bila sababu. Halafu Kitonga. Nimeshuka Kitonga mara tatu maishani na mara zote nimekaa upande wa bonde, sijui nani hunipangia. Basi linanyata, malori yanapanda yakiugulia, kona juu ya kona, na masikio yanaziba. Ukifika chini umebadilisha nchi. Joto la Ruaha Mbuyuni liliingia dirishani kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Mibuyu imesimama haina hata jani. Nami nimepakata kilo nne za manyoya.

Jirani yetu wa kiti cha pili, baba mmoja wa makamo, alilitazama lile blanketi kwa muda mrefu.

"Dada, mgonjwa?"

Nikamwambia hapana, ni la mtoto, anakwenda chuo. "Chuo cha wapi?" Dar es Salaam. Akanyamaza. Baadaye kidogo nikamsikia anamwambia mkewe kitu, mkewe akainama kucheka kwenye mtandio.

Binti alikuwa ameamka, na hilo alilisikia. "Mama, nilikwambia."

Hoteli ya njiani walitupa dakika 10. Wali kuku, bei ya mjini. Baada ya Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50, dereva akapunguza mwendo. Nikaona swala, nikaona twiga wawili, kisha tembo watano karibu kabisa na lami, mtoto wao kajibana katikati ya miguu ya mkubwa. Mwanangu alikuwa kalala tena, kinywa wazi. Sikumwamsha. Morogoro alipoambiwa na abiria wengine akanilaumu. "Mbona hukuniamsha?" Nikamwambia atawaona likizo, njia ni hiyo hiyo. Ni baada ya kusema ndipo nikaona kwamba hizo likizo nimemhesabia akiwa peke yake.

Chalinze giza likaingia. Foleni ikatupokea mapema, na saa nne usiku tukashuka stendi ya Magufuli, Mbezi. Mara ya mwisho nilipokuja Dar mabasi yalikuwa bado yanaishia Ubungo. Hii ya Mbezi ilifunguliwa 2021, ina ghorofa na ngazi, nami nikasimama katikati ya kilo 58 sijui mlango uko wapi. Vijana wa mizigo wakatuzunguka, kila mmoja kashika kitu chetu. Binti akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, "Kaka, acha hiyo. Na wewe, acha." Wakaacha. Akatoa simu, akabonyeza, bajaji ikaja na namba aliyokuwa ameshaitaja kabla haijaonekana. Mimi nikafuata nyuma na chui.

Dereva alitaka taslimu. Mtandao wa malipo ulikuwa umegoma. Binti alijificha nyuma ya mlango wa mama yake mdogo, Kimara, akarudi na noti ya 10,000 yenye joto la kiuno. Sikusema neno.

Jumapili

Kimara, kwa mdogo wangu. Nimelala bila shuka, na bado mto ulilowa. Ndizi zimepokewa vizuri. Mchele nao umebaki hapa, mdogo wangu amesema mtoto atakuja kula wikendi. Tranka amelifanya meza ya televisheni kabla sijamaliza chai. Kwa hiyo mzigo umekuwa begi, ndoo na blanketi, na tranka lililoshinda Tukuyu limeshindwa Kimara.

Jumatatu

Hii ndiyo siku yenyewe.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi kukwepa foleni. Kutoka Ubungo bajaji inapanda kilima, na ghafla makelele ya barabara yanabaki nyuma, miti mikubwa pande zote. Chuo kilianza 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria kule mjini, kwenye jengo la mtaa wa Lumumba, kikahamia huku juu 1964, na 1970 ndipo kikawa chuo kikuu kamili. Haya nimeyajua kwa sababu mwanangu aliyasoma kwa sauti ndani ya bajaji, kwenye simu, na dereva akawa anamsahihisha. Kumbe dereva alisoma hapo. Nilitaka kumuuliza alisomea nini, nikaogopa jibu.

Usajili ulikuwa na mistari. Wazazi tulikuwa wachache, na wote tulijibanza kwenye kivuli kimoja bila kuambiana. Mzee mmoja kutoka Kasulu alikuwa amekuja na mwanawe kwa treni mpaka Dodoma halafu akaunganisha ile ya umeme, na alikuwa anasimulia juu ya ile ya umeme kuliko juu ya mwanawe. Mama mmoja wa Tanga alikuwa na chupa ya chai, tukanywa wote kwa kifuniko. Tulikuwa tunawatazama watoto kwenye mstari na kusema, "Wangu yule mwenye begi jekundu," "Wangu yule anayecheka." Wangu alikuwa ameuvaa ule mfuko wa turubai. Nje ya blauzi, kwa sababu alihitaji kuchomoa vyeti kila dirisha. Msichana aliyekuwa mbele yake aliushika akauliza ameununua wapi. Niliona midomo. Sikusikia alichojibu, lakini aligeuka akaninyooshea kidole.

Mchana, kabla ya kwenda hosteli, akaniambia, "Mama, njoo nikuonyeshe kitu. Lete ile noti."

Sikujua kwamba anajua nimeibeba. Nililitia daftari la vipimo mkobani Ijumaa usiku, sina maelezo kwa nini. Tukapita maktaba mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018, kubwa kama mtaa wa kwetu, tukashuka, tukasimama mbele ya ukumbi wa Nkrumah. Akainyanyua noti ya 500 mbele ya jicho moja, akaisogeza huku na huku mpaka jengo la karatasi likakaa juu ya jengo lenyewe. Akanipa na mimi nijaribu. Mkono wangu ulikuwa unatikisika kidogo, kwa hiyo langu halikukaa sawa.

"Basi siyo kanisa," akasema.

Hosteli wako wanne chumbani: wa Mwanza, wa Tanga, na mmoja wa hapa hapa Dar aliyekuja na mto wake wa nyumbani tu. Deka kama tulivyoambiwa. Shuka zangu zimekaa, na nimeingiza pembe zote nne mwenyewe ingawa aliniambia niache. Ukutani kuna tangazo, kupika chumbani marufuku. Jagi la kuchemshia maji nikalitoa kwenye ndoo. Halafu nikalifungua blanketi.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha adabu, kwa sababu wametoka nyumba zenye malezi. Wa Mwanza, ambaye alikuwa ameshaizungusha feni mpaka namba ya mwisho, akasema, "Shikamoo mama, hilo ni la kutandika chini?" Binti yangu akalikunja haraka haraka, mara mbili, mara nne, akaliweka mikononi mwangu. "Rudi nalo, Mama. Tafadhali." Aliponiona nimesimama akaongeza, "Wewe ndiye utakayelihitaji njiani."

Alinisindikiza mpaka kituo cha daladala. Hapa ndipo nilipokuwa nimepanga kusema. Nilikuwa na maneno yangu tangu Tukuyu, nimeyapanga vizuri: wanaume, marafiki, kanisa, usiku. Daladala la kwanza likaja limejaa. La pili lilikuwa na nafasi. Konda akapiga mlango kwa kiganja.

Nikasema, "Shuka usizianike juani, geuza upande wa ndani. Rangi itachuja."

"Sawa, Mama."

"Na pindo la lile gauni limepanda kushoto. Ukipata sindano."

"Nimeliona tangu kanisani," akasema.

Jumanne

Basi la kurudi. Nilikaa tena upande wa bonde, Kitonga ya kupanda. Mikumi sikuona mnyama hata mmoja. Blanketi nilikuwa nimelisukuma chini ya kiti tangu Mbezi. Tulipofika Mafinga usiku umeingia, nikalivuta. Mtoto wa abiria wa jirani alijisogeza akaingia chini yake bila kuomba, nikamwacha. Tumeingia Tukuyu usiku wa manane, ukungu uko pale pale tulipouacha. Baba yake alikuwa stendi. Akapokea blanketi na jagi, akaangalia nyuma yangu.

"Na tranka?"

Jumatano

Sare. Mdogo wake amehamia kwenye kitanda cha dada yake bila kuuliza, na baba yake amemwamuru arudi kwake, halafu baada ya nusu saa akamwambia basi lala.

Alhamisi

Amepiga simu saa tatu usiku. Anaendelea vizuri, wamezungushwa kuonyeshwa madarasa, amekula wali maharage, bumu bado. Anasema wote wanne walishinda wanacheka kwa sababu wa Tanga anaota kwa sauti. Baba yake akauliza kama ameshaanza kuhesabu watu. Tukacheka. Halafu akawa kama anataka kukata, hakati.

"Mama."

"Naam."

"Huyu wa Mwanza hazimi feni."

Nikasubiri.

"Usiku kucha iko namba ya mwisho. Mimi niko deka ya juu, inanipiga usoni kabisa. Nimevaa soksi na koti la JKT." Akashusha sauti, nadhani wenzake walikuwa karibu. "Lile blanketi, ulifika nalo?"

Ijumaa

Nimelifunga kwenye kiroba, nikashona mdomo wa kiroba kwa sindano ya magunia, mshono wa kurudi nyuma. Ofisi ya vifurushi vya mabasi hufunguliwa saa mbili, mimi nilikuwa pale saa moja na nusu. Kijana wa dirishani akaweka kiroba kwenye mizani.

"Kilo nne na kidogo. Kinakwenda wapi, mama?"

"Dar es Salaam."

Akaandika. "Ndani kuna nini?"

"Blanketi."

Akaacha kuandika, akaninyanyulia uso. Nikamwambia andika tu, mwanangu.